Mwari Kafundwa, na Sisi Wakubwa Je?

Huku kwetu pwani ya Lindi, Mchinga ikiwemo, mwari hufundwa na somo. Lakini anayefundwa ni binti, si sisi wakubwa.

Mwaka 2009 ilipitishwa Sheria ya Mtoto: ukiona mtoto anadhulumiwa, ni wajibu wako kutoa taarifa. Utafiti wa taifa uliotolewa 2011 ukaonyesha karibu wasichana 3 kati ya 10 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya miaka 18. Mwaka 2017 mpango wa MTAKUWWA ukaleta kamati za ulinzi hadi vijijini.

Basi somo, ustadhi na mwalimu nao wafundwe: wamtambue mtoto aliyebadilika ghafla, wamsikilize, wapige 116. Kunyamaza si stara. Bi harusi, kesho ukimpeleka mwanao chuoni, uliza: anayemsomesha kafundwa?