Kinda wa njiwa aliyefiwa: joto kwanza, chakula baadaye

Na Mwandishi Wetu

WAFUGAJI wa njiwa mijini wanaifahamu hasara hii: mwewe au paka amemchukua njiwa mmoja bandani, na kiotani wamebaki makinda wawili wasio na manyoya. Huruma humfanya mwenye nyumba awaingize ndani na kuwapa mkate uliolowekwa au maziwa ya ng'ombe. Chakula hicho hakiwafai, na huweza kuwaua upesi kuliko njaa.

Sababu ni kwamba kinda wa njiwa haanzi maisha kwa nafaka. Jike hutaga mayai mawili, ambayo huanguliwa baada ya siku 17 hadi 19. Wakati huo kuta za gole, yaani mfuko wa chakula ulio chini ya shingo, hutoa uji mzito unaoitwa maziwa ya njiwa. Uji huo una protini na mafuta mengi pamoja na kinga dhidi ya maradhi, na hutolewa na jike na dume pia. Flamingo wa Ziwa Natron nao huwalisha makinda wao kwa namna hiyo.

Kwa siku tatu au nne za mwanzo kinda hali kitu kingine. Baadaye wazazi huchanganya nafaka kidogo kidogo. Kwa hiyo juma la kwanza ndilo gumu kuliko yote kwa mlezi wa kibinadamu.

Usiharakishe kumtoa kiotani

Kufa kwa mzazi mmoja hakumaanishi kuwa makinda wamekwisha. Aliyebaki aweza kuwalea peke yake, hasa wakishatimiza juma moja. Hatari kubwa ni baridi. Kwa kawaida dume hulalia kiota mchana, na jike huchukua zamu kuanzia alasiri hadi asubuhi. Iwapo aliyekufa ni jike, mfugaji aende bandani usiku na kuhakikisha kuwa makinda wamefunikwa.

Wazazi wote wawili wakitoweka, njia bora ni kuwahamishia makinda kwa jozi nyingine yenye makinda wa umri unaokaribiana. Njiwa huwapokea makinda wa wenzao bila taabu, mradi kiota kisizidiwe na idadi.

Ukilazimika kumlea mwenyewe

Jambo la kwanza ni joto. Kinda aliyepoa hawezi kusaga chakula. Akilishwa, chakula huchacha goleni. Mweke katika boksi lenye kitambaa kikavu, na balbu upande mmoja ili aweze kusogea akizidiwa na joto. Juma la kwanza joto liwe nyuzi 35 hadi 36 za Selsiasi, kisha lipunguzwe taratibu kadiri manyoya yanavyoota.

Chakula kinachofaa zaidi ni unga maalumu wa kulelea makinda wa ndege, unaouzwa katika baadhi ya maduka ya mifugo. Kinda aliyevuka siku 10 aweza kupewa chakula cha vifaranga vya kuku kilichosagwa laini, kikalowekwa na kuchujwa. Uji uwe na joto la nyuzi 38 hadi 40. Ukizidi 43 huunguza gole, na ukipoa sana hukaa goleni bila kushuka. Upimwe kwa kipimajoto badala ya kukisia kwa kidole.

Kinda wa njiwa haachami mdomo kama makinda wa ndege wengine. Yeye hutumbukiza mdomo wake ndani ya mdomo wa mzazi na kunyonya. Chukua bomba la sindano lisilo na sindano, kata ncha yake pana na kuilainisha, kisha ifunike kwa mpira laini uliotobolewa. Kinda ataingiza mdomo na kula kwa kasi yake. Kumsukumia chakula kwa nguvu hukipeleka kwenye njia ya hewa, na kinda hufa.

Gole lijazwe hadi liwe laini kama puto lisilojaa, na lisiongezwe kitu kabla halijakaribia kuwa tupu. Juma la kwanza hulishwa kila baada ya saa mbili hadi tatu, la pili mara nne kwa siku, na la tatu mara mbili au tatu. Gole likikaa na chakula usiku kucha, au utando wa njano ukionekana mdomoni, mwone daktari wa mifugo bila kuchelewa. Vyombo vioshwe kila mara, na mlezi anawe mikono kabla na baada ya kulisha.

Kuanzia juma la nne mtawanyie mtama na uwele, na umwekee maji katika chombo kifupi. Akishajua kula, mrudishe kwa wenzake mapema. Njiwa aliyezoea watu peke yao huchelewa kupata mwenzi bandani.

Maelezo haya yanahusu njiwa wa kufugwa tu. Tetere na ndege wengine wa porini wanalindwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya Tanzania ya mwaka 2009, na kuwakamata kunahitaji kibali.

Kwa mfugaji mwenye jozi kadhaa, kinga ni daftari. Aandike tarehe ya kila jozi kutaga. Siku mwewe atakapokuja, atajua mara moja ni kiota kipi kiwapokee yatima.