« Bado » : neno la kitu kisichotimia

Neno « bado » lina asili ya Kiarabu, nalo lina matumizi mawili. « Bado anajenga » maana yake kazi inaendelea. Lakini ukiuliza « Nyumba imeisha? » ukajibiwa « Bado », njo kusema haijatimia. Hata hivyo si sawa na « hapana ». Hapana inafunga mlango, bado inauacha wazi.

Hapa Munigi tunalijua vizuri. Volkano Nyiragongo ililipuka 1977, 2002 na tena tarehe 22 Mei 2021. Aliyeunguliwa nyumba akiulizwa kama amejenga, anajibu « bado ». Ila mwenye deni naye anajificha humo humo. Kwa hiyo, ndugu msomaji, tuwafundishe watoto wetu: bado ni ahadi, na ahadi inadaiwa.