Tarehe ya Kipimo cha Misuli ya Macho kwa Marubani

Kila jicho la mwanadamu huendeshwa na misuli 6, na ili mtu auone mnara mmoja kuwa ni mnara mmoja, sharti misuli yote 12 ivutane kwa kadiri iliyo sawa, pasiwe na jicho lililotangulia wala lililosalia nyuma. Walakini ulinganifu uliotimia ni nadra. Aghalabu jicho moja hutaka kuelekea puani, au upande wa sikio, au juu kidogo kuliko mwenziwe, lakini ubongo, kwa kuwa haukubali kuona vitu viwili palipo na kimoja, huyashurutisha macho yarudi pamoja, hata mwenye macho hayo akaishi umri wake wote pasipo kujua kwamba ana hitilafu. Haya si makengeza ya dhahiri yanayoonekana na kila mtu. Ni makengeza yaliyofichika, nayo yamewatia hofu vijana wengi waliosimama mbele ya tabibu wakiomba cheti cha urubani.

Elimu ya kuipima hitilafu hii ni kongwe kuliko ndege yenyewe. Albrecht von Graefe, tabibu mashuhuri wa macho wa Berlin aliyefariki mwaka 1870, alikwisha kuitafuta kwa vioo vya prizimu, na George Stevens wa New York akazipambanua namna zake mwaka 1886. Lakini aliyeiweka kazi hii mikononi mwa kila tabibu ni Ernest Maddox wa Uingereza, aliyebuni yapata mwaka 1890 kijiti cha kioo kinachoitwa kwa jina lake mpaka leo, ingawa siku hizi huwa ni vijiti vingi vyekundu vilivyopangwa sambamba katika fremu moja.

Mtahiniwa huketishwa katika chumba chenye giza kiasi, akatazama taa ndogo iliyo mbali naye mita 6. Jicho la kulia huwekewa vijiti hivyo, nalo badala ya taa huona mstari mwekundu uliosimama wima, ilhali la kushoto huiona taa kama ilivyo. Na maadamu ubongo hauwezi kuunganisha mstari na nukta, huyaachilia macho yaende yatakako. Mstari ukipita katikati ya taa, misuli imelingana. Ukikaa kando, tabibu huweka prizimu mbele ya jicho, akizidisha nguvu yake kidogo kidogo, mpaka mtahiniwa aseme kwamba sasa mstari umeigusa taa, na nguvu ya prizimu hiyo ndiyo hesabu inayoandikwa katika karatasi. Kisha vijiti huzungushwa, mstari ukalala, ili ijulikane kama jicho moja limepanda juu ya jingine. Dayopta 1 ya prizimu huusogeza mwanga sentimita 1 katika umbali wa mita 1. Kwa hiyo mwenye dayopta 6 huuona mstari uko mbali na taa kwa sentimita 36.

Vita Kuu ya Kwanza ndiyo iliyokihamisha kipimo hiki kutoka katika vyumba vya matabibu hadi kwenye viwanja vya ndege. Theodore Lyster, tabibu wa macho na masikio katika jeshi la Marekani, alipokabidhiwa mwaka 1917 afya ya marubani, aliweka masharti ya uchunguzi ambamo macho yalipewa daraja kubwa. Na mwanzoni mwa 1918 ikafunguliwa maabara huko Mineola, karibu na New York, chini ya William Wilmer, naye pia bingwa wa macho. Humo watu walitiwa katika chumba cha chuma kilichopunguzwa hewa, wakavuta pumzi kama wavutavyo walio juu sana angani, na ikabainika kwamba upungufu wa oksijeni hudhoofisha ile nguvu inayoyashika macho pamoja, hata hitilafu iliyofichika ikajidhihirisha. Nayasema haya kwa sababu wako wanaodhani sharti hili lilizuka katika inadi ya matabibu. Rubani aliyechoka, aliye juu, usiku, akaziona taa za kiwanja zimekuwa safu mbili, hana nafasi ya kuuliza ipi ni ya kweli.

Lakini miaka kadhaa baada ya vita akatokea mtu aliyewatatiza wenye kanuni. Wiley Post, mfanyakazi wa visima vya mafuta huko Oklahoma, alipoteza jicho la kushoto kwa ajali mwaka 1926, akanunua ndege kwa fedha ya fidia, na akajifundisha kukadiria masafa kwa jicho lililobaki: hukisia umbali wa mti au kilima, kisha huenda akaupima kwa hatua zake. Wakati huo serikali ya Marekani ilikuwa imemteua Louis Bauer kusimamia afya ya marubani wa kiraia, na mnamo Februari 1927 matabibu wa kwanza walioidhinishwa kuwapima walianza kazi. Walakini kanuni iliacha mwanya kwa aliyethibitisha uwezo wake kwa vitendo, na Post akaupata. Mwaka 1931 aliizunguka dunia pamoja na Harold Gatty kwa siku 8 na saa zipatazo 16, na mwaka 1933 akaizunguka peke yake kwa siku 7 na saa zipatazo 19, jambo ambalo halijapata kufanywa na mtu kabla yake.

Wengi huutaja mfano wa Post kuwa ni hoja ya kukifuta kipimo cha misuli, nami sikubaliani nao. Mwenye jicho moja hawezi kuona viwili. Yeye hupungukiwa na kitu anachokijua, akakizoea na kukitafutia dawa. Hatari ya misuli isiyolingana ni nyingine kabisa, kwa kuwa macho yaliyoafikiana mchana kutwa huweza kuachana ghafula saa ya taabu. Alilothibitisha Post ni kwamba mtu apimwe kwa kazi awezayo kuifanya, wala si kwa kiungo alichokikosa, na kwa neno hilo alikuwa na haki.

Kanuni za leo zimeelekea huko. Nchini Marekani, mwombaji wa cheti cha afya cha daraja la kwanza au la pili akizidi dayopta 1 ya jicho kupanda, au 6 za kuelekea ndani, au 6 za kuelekea nje, hakataliwi papo hapo. Huweza kupelekwa kwa bingwa wa macho aangaliwe kama macho yake yatashikamana katika kazi, na daraja la tatu halina sharti hilo. Kiambatisho cha kwanza cha Mkataba wa Chicago, ulio mkataba wa mataifa juu ya usafiri wa anga wa kiraia, kilichopitishwa mwaka 1948 na kurekebishwa mara nyingi tangu hapo, nacho chasema kwamba macho yasiyolingana si lazima yamzuie mtu, iwapo akiba ya nguvu ya kuyaunganisha yatosha kumwepusha na uchovu wa macho na kuona viwili. Kenya na Tanzania zimo katika mkataba huo.

Basi mzazi ambaye mwanawe atamani urubani, na ajuaye karo ya vyuo vya urubani ilivyo nzito, ampeleke kwanza kwa tabibu wa macho kabla ya kulipa hata shilingi moja, na aombe misuli ipimwe, wala asitosheke na kusomeshwa herufi ukutani. Ikionekana hitilafu, aombe pia ipimwe akiba ya kuyaunganisha macho, kwani hiyo ndiyo itakayoamua. Na kijana mwenyewe, kama amepata kuona vitu viwili wakati wa uchovu, amwambie tabibu bila ya kuficha.