Kiswahili cha Madarasa ya Juu ya Shule ya Msingi na Mzizi wa Uhakiki

Kama umewahi kusahihisha majibu ya fasihi ya Kidato cha Tatu au cha Nne, bila shaka umekutana na jibu la aina hii. Mwanafunzi ameulizwa abainishe tamathali ya usemi katika dondoo na kueleza umuhimu wake. Anaandika: 'Ni tashbihi kwa sababu kuna neno kama. Inaipamba kazi.' Sentensi ya kwanza ni sahihi. Ya pili haisemi lolote, na mtahini huipita bila kuitoza alama.

Walimu wengi husema kwamba mwanafunzi huyu hajui fasihi. Makala haya yanashikilia maoni tofauti. Mwanafunzi ametoa kile hasa alichofunzwa katika madarasa ya juu ya shule ya msingi, na alifunzwa vizuri. Ili tuelewe alifunzwa nini na kwa nini, hatuna budi kurejelea historia. Baada ya hapo tutaona kwamba dawa ya udhaifu huu imo katika mambo yale yale aliyokuja nayo.

Kabla ya mwaka 1985

Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1930 ili kusanifisha Kiswahili kwa msingi wa Kiunguja. Shule zilihitaji vitabu katika lugha hiyo sanifu. Baadhi vilikuwa tafsiri, kwa mfano Mashimo ya Mfalme Sulemani, iliyotolewa mwaka 1929 na Frederick Johnson, aliyekuja kuwa katibu wa kwanza wa Kamati hiyo. Vingine viliandikwa na wenyeji. Mwaka 1934 James Mbotela wa Freretown, Mombasa, alichapisha Uhuru wa Watumwa, kitabu kinachosimulia utumwa na maisha ya walioachiwa huru. Kilisomwa shuleni kwa miaka mingi. Tunaweza kukikosoa kwa jinsi kinavyomsifu Mwingereza, na wahakiki wamefanya hivyo. Hata hivyo, tukumbuke jambo moja: aliyekisoma alisoma kisa kizima, chenye mwanzo, mgogoro na mwisho.

Hali ilibadilika katika miaka ya hamsini. Tume ya Binns, iliyozuru eneo hili mwaka 1951 na 1952, haikuiona haja ya Kiswahili shuleni pale ambapo hakikuwa lugha ya nyumbani. Mwaka 1957 mpango wa kufundisha masomo yote kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza ulianzishwa katika baadhi ya shule za Nairobi, na baadaye ukaenea. Baada ya uhuru, Tume ya Ominde ya mwaka 1964 ilitaka Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi, lakini Kiingereza kikabaki kuwa lugha ya kufundishia.

Pendekezo la Ominde lilikosa nguvu kwa sababu ya mtihani. Mtihani wa kumaliza shule ya msingi, CPE, ulikuwa na karatasi tatu: Kiingereza, Hisabati na karatasi ya masomo mengine. Kiswahili hakikutahiniwa. Wewe mwalimu unajua vyema hatima ya somo lisilotahiniwa: kipindi chake huwa cha kwanza kuazimwa muhula wa tatu unapofika.

Kamati ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza Kiswahili kifunzwe kwa lazima na kitahiniwe. Tume ya Mackay ya mwaka 1981 ikakipa nafasi ya lazima katika mfumo mpya wa 8-4-4. Mwaka 1985 mtihani wa KCPE ulifanywa kwa mara ya kwanza, na Kiswahili kikawa na alama zake. Miaka minne baadaye, mwaka 1989, KCSE ya kwanza ilifuata. Kwa mara ya kwanza, mtoto wa Turkana, wa Kisii na wa Lamu walilazimika kujua Kiswahili ili wavuke kutoka shule ya msingi hadi ya upili. Huo ulikuwa ushindi mkubwa, na hatupaswi kuusahau tunapotaja kasoro zake.

Mtihani na hazina ya maneno

Kasoro ilitokana na umbo la mtihani wenyewe. Karatasi ya lugha ilikuwa na maswali 50 ya kuchagua jibu. Karatasi ya insha ilimpa mtahiniwa dakika 40 za kuandika utungo mmoja wa alama 40. Maswali ya kuchagua hupenda mambo yenye jibu moja. Kwa hiyo madarasa ya juu yakajaa orodha.

Mwanafunzi wa Darasa la Sita alikariri akisami: thuluthi, robo, humusi, sudusi, subui, thumuni, tusui, ushuri. Alikariri majina ya malipo: mahari, fidia, arbuni, masrufu, kiinua mgongo. Alijifunza nomino za makundi, vitate, vitawe na tanakali za sauti. Alijua kwamba mtu huwa mweusi kama makaa na mweupe kama pamba. Alijua methali kwa makumi, pamoja na vitendawili na majibu yake.

Katika insha, hazina hii iligeuka kuwa pambo. Mwanafunzi alihimizwa atie methali tatu au nne, tashbihi kadhaa na misemo 'mizito' ili mtahini avutiwe. Hakuulizwa: kwa nini methali hii, hapa, kinywani mwa mtu huyu? Hadithi alizosoma zilikuwa vifungu vya ufahamu vya ukurasa mmoja, na baada ya kujibu maswali hakuvirudia tena. Vitabu vya hadithi vilikuwepo, lakini kwa kuwa havikutahiniwa, shule nyingi ziliviacha kabatini.

Sasa, msomaji, tazama tena jibu letu la mwanzo. 'Ni tashbihi kwa sababu kuna neno kama' ndilo jibu la maswali 50. 'Inaipamba kazi' ndiyo nadharia ya insha ya dakika 40. Mwanafunzi anayajibu maswali ya fasihi ya 102/3 kwa kanuni za KCPE, kwa kuwa hakuna aliyemwambia kwamba kanuni zimebadilika.

Kutoka kutaja hadi kuhakiki

Tufanye nini? Wengi wetu huanza upya, kana kwamba mwanafunzi hakuja na kitu. Tunampa orodha nyingine iliyo ndefu zaidi: tashihisi, taniaba, kinaya, tashtiti, jazanda. Anaikariri kama alivyokariri akisami. Njia hiyo huongeza majina bila kuongeza uhakiki.

Jaribu njia hii badala yake. Andika ubaoni sentensi mbili kama hizi: 'Baada ya miaka thelathini ya kibarua, tajiri alimtupia kiinua mgongo chake kama anayemtupia mbwa mfupa. Mzee akainama kuiokota bahasha.'

Mwanafunzi atataja tashbihi mara moja. Mpongeze, kisha mwulize: nani anamwona mzee kama mbwa? Hapo atagundua kwamba tashbihi inamsawiri tajiri zaidi ya mzee. Inaonyesha dharau yake. Kisha mrejeshe kwenye orodha ya malipo. Kiinua mgongo ni nini? Atajibu bila kusita: malipo anayopewa mfanyakazi anapomaliza utumishi wake. Mwambie alitazame jina lenyewe. Malipo haya yanapaswa kuinua mgongo. Mzee katika sentensi hii ameinama ili ayapokee. Kinaya kimejitokeza chenyewe, na mwanafunzi ameking'amua kwa neno alilokariri akiwa na miaka kumi na mmoja. Sasa anaweza kuandika kwamba mwandishi anakashifu unyanyasaji wa wafanyakazi, na akatoa ushahidi. Hilo ni jibu la alama zote.

Methali nazo zifanyiwe vivyo hivyo. Katika shule ya msingi, methali ni kweli isiyopingwa na kisa hutungwa ili kuithibitisha. Katika riwaya na tamthilia, methali husemwa na mtu mwenye nia yake. Mwenye nyumba anayewaambia wapangaji wanaonyeshewa na mvua kwamba mvumilivu hula mbivu hatoi hekima. Anakwepa kutengeneza paa. Mwanafunzi akiuliza nani anasema, anamwambia nani, na nani anafaidika, methali aliyoijua tangu Darasa la Tano inampeleka moja kwa moja kwenye wahusika na maudhui. Vitendawili na tanakali za sauti, kadhalika, tayari ni fasihi simulizi. Kinachobaki ni kumwongoza aeleze sifa na dhima zake katika jamii.

Kwako mtahiniwa, ushauri ni mfupi. Karatasi ya fasihi ina maswali manne ya kujibiwa, kila moja la alama 20. Kila unapotaja mbinu, ongeza sentensi inayoanza kwa 'inaonyesha kwamba' na umtaje mhusika au hali. Ukishindwa kuimaliza sentensi hiyo, bado hujahakiki.

Mtaala umebadilika, swali limebaki

KCPE ilifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, na waliofanya mtihani huo watakuwa watahiniwa wa mwisho wa KCSE mwaka 2027. Katika mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa kitaifa mwaka 2019, madarasa ya juu ya msingi ni Gredi ya Nne hadi ya Sita, na tathmini ya KPSEA ilifanywa kwa mara ya kwanza mwaka 2022. Mtaala huu umetenga nafasi ya kusoma kwa mapana. Nafasi hiyo ni njema, lakini historia inatufunza tahadhari: Tume ya Ominde nayo ilitoa nafasi mwaka 1964, na kwa miaka ishirini na moja ikakaliwa na masomo mengine.

Kwa hiyo, mwalimu mwenzangu wa shule ya msingi, endelea kufundisha kiinua mgongo, humusi na tanakali. Usikubali mtu akuambie ni maneno ya kale yasiyo na kazi. Ila kila muhula, wape watoto kitabu kimoja cha hadithi wakisome hadi mwisho, kisha uwaulize swali moja lisilo na jibu la A, B, C au D: kwa nini alisema hivyo? Nasi wa shule za upili tutaendeleza swali hilo pale mtakapoliachia.