Barabara ya Titus Canyon: Njia ya Jangwani Inayopita Katika Mji wa Wachimbaji Uliohamwa

Barabara ya Titus Canyon ni njia ya udongo na changarawe yenye urefu wa kilomita 43 hivi katika Hifadhi ya Taifa ya Death Valley, nchini Marekani. Huanzia upande wa jimbo la Nevada, karibu na magofu ya Rhyolite, mji uliozaliwa baada ya dhahabu kugunduliwa mwaka 1904, na kuteremka hadi bondeni upande wa California. Sehemu kubwa ya njia hiyo hupitwa kwa mwelekeo mmoja tu, kutoka mashariki kwenda magharibi. Dereva aliyekwisha kuingia haruhusiwi kugeuza, hivyo uamuzi wa kwenda au kuahirisha safari hufanywa kabla ya kuiacha lami.

Barabara hiyo haikujengwa kwa ajili ya watalii. Ilichongwa mwaka 1926 ili kuufikia mji wa Leadfield, ambako C. C. Julian, mfanyabiashara wa mafuta wa California, alikuwa akinadi hisa za kampuni ya madini ya risasi. Mwezi Machi mwaka huo mamia ya watu waliletwa kwa treni maalumu hadi Beatty, kisha kwa magari hadi mgodini, ili wajionee na wanunue. Posta ya Leadfield ilifunguliwa Agosti 1926 na kufungwa Januari 1927. Mawe yenye risasi yalikuwapo kweli, lakini handaki kuu lilipofika mahali palipotarajiwa kuwa na mwamba tajiri, halikukuta kitu cha kulipa gharama. Wakazi wapatao 300 walitawanyika. Kilichobaki ni vibanda vichache vya mabati, midomo ya mahandaki na barabara yenyewe, ambayo imedumu kuliko fedha za wanahisa.

Kabla ya kufika Leadfield, njia hupanda kwa kona kali hadi mlango wa milima uitwao Red Pass, takriban mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Baada ya mji huo hushuka na kuingia korongoni, na karibu na mwisho kuta za mawe husogeleana hadi kuacha nafasi ya mita sita hivi. Hapo ndipo penye mandhari ya kuvutia kuliko pengine pote, na ndipo hatari ilipo kubwa, kwa kuwa sakafu ya korongo ni mkondo wa maji. Mvua ikinyesha milimani, hata isipoonekana na dereva, mafuriko hushuka ghafla. Tarehe 20 Agosti 2023 kituo cha Furnace Creek kilipima milimita 56 za mvua kwa siku moja, kiasi kinachokaribia wastani wa mwaka mzima, na barabara nyingi za hifadhi zikaharibika. Titus Canyon huweza kufungwa kwa muda mrefu baada ya matukio ya aina hiyo. Hali yake ithibitishwe kwenye tovuti ya hifadhi kabla ya kupanga safari.

Gari linalofaa ni lile lililoinuka vya kutosha kutoka ardhini, lenye matairi imara, tairi la akiba na jeki inayofanya kazi. Anayekodi gari asome mkataba kwanza, maana kampuni nyingi hukataza magari yao kuendeshwa nje ya lami. Msafiri kutoka Afrika Mashariki akumbuke pia kwamba Marekani magari hupita upande wa kulia.

Maji yasipungue lita nne kwa kila mtu kwa siku. Katika sehemu kubwa ya hifadhi simu za mkononi hazipati mtandao, kwa hiyo ramani ya karatasi ni ya lazima, na mtu aliyebaki nyuma aelezwe njia na saa ya kurudi. Gari likiharibika, wasafiri wabaki nalo, kwani huonekana kwa urahisi zaidi kuliko mtu anayetembea juani.

Kuendesha nje ya barabara iliyopo ni kosa kisheria, na vivyo hivyo kuchukua msumari, chupa au kipande cha bati kutoka Leadfield. Mahandaki yasiingiwe: mbao za kuegemeza zimeoza, hewa ndani yaweza kuwa mbaya, na baadhi yana mashimo ya wima yasiyoonekana gizani.