Turffontein: Ukanda wa Uhuru na Riziki ya Mchuuzi

Johannesburg ilizaliwa mwaka 1886, dhahabu ilipogunduliwa Witwatersrand. Mwaka uliofuata, kusini mwa machimbo, Turffontein ikapata uwanja wa mbio za farasi ambao upo hadi leo. Wakati wa vita vya Waingereza na Makaburu, uwanja huo ukageuzwa kambi ya kuwazuilia wanawake na watoto wa Makaburu. Amani iliporudi, farasi nao wakarudi, na fedha za matajiri zikaendelea kupita mlangoni mwa mtaa wa wafanyakazi.

Sheria ya mwaka 1950 iliyogawa makazi kwa misingi ya rangi iliwafungia Waafrika mlango wa mitaa kama huu. Wengi wao walisukumwa mbali, wakawa wanalipa nauli kubwa kufuata kazi mjini. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1991. Turffontein na jirani yake Rosettenville zikapokea wakazi wapya, wakiwemo wahamiaji kutoka Msumbiji, Zimbabwe na Kongo. Sheria ikafutika, lakini umbali kati ya nyumba na ajira ukabaki.

Mwaka 2013, Meya wa Johannesburg, Parks Tau, alitangaza mpango wa Kanda za Uhuru. Nia yake ilikuwa kujenga nyumba, maduka na huduma za jamii kando ya njia kuu za usafiri, ili mtu wa kipato cha chini aishi karibu na kazi. Turffontein ikawa miongoni mwa kanda za kwanza, na utekelezaji ukakabidhiwa Wakala wa Maendeleo wa Johannesburg, ulioanzishwa mwaka 2001. Eneo la Rotunda Park likawa moja ya sehemu zilizolengwa kuboreshwa.

Lakini mwaka huohuo jiji liliendesha operesheni ya kuwaondoa wachuuzi katikati ya mji. Maelfu walipoteza sehemu zao za biashara, wakiwemo waliokuwa na vibali halali. Mwezi Desemba, Mahakama ya Katiba iliamuru waliolalamika waruhusiwe kurudi. Mkono mmoja ulikuwa unachora ramani ya kumsogeza maskini karibu na soko. Mwingine ulikuwa unamfukuza sokoni.

Hata mgao wa kazi za miradi ya umma kwa wadogo haukudumu. Mwaka 2017 serikali kuu ya Afrika Kusini ilitoa kanuni kwamba, inapowezekana, kandarasi za umma zinazozidi randi milioni 30 zitenge angalau asilimia 30 ya kazi kwa wakandarasi wadogo na makundi yaliyoachwa nyuma. Mwaka 2022 Mahakama ya Katiba ilithibitisha kwamba kanuni hizo ni batili, kwa kuwa waziri alivuka mamlaka yake.

Fundisho liko wazi, na linawahusu pia wakuu wa majiji yetu, Dar es Salaam na Nairobi, wanaowabomolea wamachinga vibanda kila msimu. Lami na taa za barabarani hazitoshi kuinua mtaa. Mchuuzi apewe eneo, kibali na ulinzi wa sheria kabla tingatinga halijafika. Mpango usiomhesabu tangu siku ya kwanza haustahili kuitwa maendeleo.