Mashine Pepe na Uhaba wa Kompyuta: Mtazamo wa Kihistoria kwa Bukoba na Muleba

Mashine pepe, yaani kompyuta inayoigizwa na programu ndani ya kompyuta nyingine, huchukuliwa kuwa anasa ya taasisi zenye mitambo mingi. Historia yake inathibitisha kinyume: ilizaliwa na uhaba.

Mnamo Januari 1967, watafiti wa IBM huko Cambridge, Massachusetts, walianza kutumia CP-40, mfumo ulioigawa kompyuta moja ya gharama kubwa katika mashine pepe hadi 14. Mrithi wake, CP-67, ulitumika kujaribia programu za kompyuta za System/370 kabla kompyuta zenyewe hazijapatikana.

Mwaka 1974, Popek na Goldberg walibainisha masharti matatu: programu iende kama inavyokwenda katika mashine halisi; amri nyingi zitekelezwe na prosesa moja kwa moja ili kasi isipotee; na programu simamizi idhibiti rasilimali zote. Mwaka huohuo Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta. Nchi yenye kompyuta chache ikabaki mbali na mbinu iliyobuniwa kukabili uchache huohuo.

Prosesa za kompyuta ndogo hazikukidhi masharti hayo kikamilifu. VMware iliziba pengo mwaka 1999 kwa kutafsiri amri korofi. Kuanzia 2005 Intel iliingiza msaada huo ndani ya prosesa zake. Mwaka 2007, VirtualBox na KVM zilipatikana bila malipo.

Kwa ofisi ya Muleba yenye kompyuta moja, faida kuu ni usalama wa jaribio. Mfumo mpya ukiharibika, hali iliyohifadhiwa awali hurejeshwa na kazi za kila siku haziguswi. Kwa kuwa mashine pepe ni mafaili, nakala yake huweza kupelekwa Bukoba kwa diski. Tahadhari hiyo ina uzito katika mkoa uliopigwa na tetemeko la Septemba 10, 2016, kwani nakala iliyo katika diski ileile, au jengo lilelile, hupotea pamoja na mashine.

Mipaka ipo pia. Kumbukumbu hugawanywa, hivyo kompyuta yenye gigabaiti 4 huelemewa mapema. Tena, kasi inayopimwa ndani ya mashine pepe si kipimo cha mtambo halisi. Kwa hiyo mashine pepe inafaa kuthibitisha iwapo mfumo unafanya kazi. Swali la kasi yake lijibiwe kwa mtambo utakaoubeba.